Mwanagenzi Mbele ya Ramani

Ni tarehe 1 Januari 1936, saa sita mchana, na dunia nzima imesimama. Ramani imetanda skrini yote. Ujerumani, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti kila moja ina rangi yake, na Kenya na Tanganyika zimepakwa rangi ileile ya London. Juu kabisa kuna mstari wa tarakimu: nguvu ya kisiasa, uthabiti wa nchi, moyo wa raia kwa vita, idadi ya watu wanaoweza kuandikishwa jeshini, viwanda, mafuta, meli za mizigo. Chini yake zimepangana alama za tahadhari, kila moja ikidai kushughulikiwa. Hakuna utafiti unaoendelea. Viwanda vimekaa bure. Jeshi halina jemadari. Mchezaji mpya anafungua ukurasa mmoja, anakuta mlango wa kurasa nyingine sita, anaufunga haraka.

Gemu yenyewe ni Hearts of Iron IV, kazi ya Paradox Development Studio ya Stockholm, Uswidi. Ilitoka tarehe 6 Juni 2016, siku ya kumbukumbu ya majeshi ya Washirika kutua Normandy mwaka 1944, nayo ni ya nne katika mfululizo ulioanza mwaka 2002. Mchezaji huchagua nchi, kubwa kama Marekani au ndogo kama Luxembourg, kisha huipitisha katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa na mzigo wote mikononi: sheria, utafiti, viwanda, askari, ndege, manowari. Hakuna zamu za kupokezana. Muda unakwenda wenyewe, saa baada ya saa, na nchi zote zinatenda kwa pamoja. Steam, duka la mtandaoni linalouza gemu hizi, humwandikia kila mchezaji jumla ya saa alizocheza, na si ajabu kumkuta mwenye saa 1,000 akijiita bado mwanafunzi.

Kwa nini basi mtu aliyetoka kazini amechoka aitafute kazi nyingine jioni? Mwanagenzi hujiuliza hivyo wiki ya kwanza, na wapo wanaolijibu swali kwa kuifuta gemu kwenye kompyuta. Anayebaki huwa amekutana na jambo dogo. Ameshindwa vita, akafuatilia, akajua ameshindwa kwa nini. Hiyo ndiyo raha ya kwanza ya mchezo wa aina hii, na huja mapema kuliko ushindi.

Ugumu wenyewe una historia. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg von Reisswitz, alimwonyesha mkuu wa wanadhimu wa jeshi lake, Karl von Müffling, mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani halisi za kijeshi. Vipande vidogo vilisimama badala ya vikosi, kila zamu iliwakilisha dakika mbili za mapigano, na dadu zilitumika kuamua hasara. Müffling aliukubali, ukapelekwa jeshini. Kiungo muhimu kuliko vyote kilikuwa mwamuzi. Makamanda wa pande mbili waliandika amri, na mwamuzi ndiye aliyesogeza vipande, akasoma majedwali, akaamua nani ameona nini. Mzigo wa kanuni ulikuwa wake. Ulikuwa mzito kiasi kwamba mwaka 1876 afisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali mengi yawekwe kando na mwamuzi atumie uzoefu wake.

Michezo ya vita ilipoingia madukani katika karne ya 20, mwamuzi aliondoka na kanuni zikawaangukia wachezaji. Kilele cha mzigo huo kilifikiwa mwaka 1979, kampuni ya SPI ya Marekani ilipouza mchezo wa Richard Berg kuhusu vita vya Afrika Kaskazini, The Campaign for North Africa. Ramani yake ina urefu wa karibu mita tatu. Unafaa kuchezwa na watu kumi, na inakadiriwa kuumaliza huchukua saa 1,500. Humo mafuta huhesabiwa hata yale yanayovukizwa na jua la jangwani, na kuna kanuni mashuhuri inayowapa vikosi vya Italia maji ya ziada ya kuchemshia tambi. Berg alikuja kukiri kwamba hiyo ya tambi ilikuwa utani. Lakini katika mchezo wenye kanuni nyingi kiasi hicho, nani angeutambua utani?

Kompyuta ilimrudisha mwamuzi mezani. Haichoki, haisahau jedwali, hesabu za maelfu ya mapigano inazimaliza kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo mwanagenzi wa leo anaweza kuanza kucheza bila kujua hata robo ya kanuni, neema ambayo mchezaji wa mwaka 1979 hakuwa nayo. Ila neema hiyo ina gharama yake. Kanuni ambazo zamani zilikuwa kitabuni, zikisomwa kwa sauti na kubishaniwa, sasa zinafanya kazi gizani. Jeshi linarudi nyuma na mchezaji haoni lililolirudisha. Kujifunza gemu hii ni kujifunza kumhoji mwamuzi.

Chombo cha kwanza cha kumhojia ni kitufe kirefu kilicho upande wa chini wa kibodi, kile kinachoacha nafasi kati ya maneno. Ukikibonyeza, saa inasimama. Vita vimeganda, lakini kila ukurasa bado unafunguka, kila tarakimu inasomeka, na amri zinapokewa. Wanaoanza wengi hulikwepa jambo hili kwa kuona haya, wakidhani mchezaji hodari huacha saa ikimbie. Wazoefu wanapocheza peke yao husimamisha muda bila aibu, hasa siku ile vita vinapotangazwa.

Chukua pambano moja. Divisheni nane za mwanagenzi zinashambulia nne za adui zilizoshikilia mlima, na katikati pana mto. Kwa hesabu ya vichwa, mambo yamekwisha. Juu ya ramani panatokea duara dogo lenye namba inayoashiria mwelekeo wa pambano, nalo ni jekundu. Saa inasimamishwa, duara linabonyezwa, na ukurasa wa pambano unafunguka: majemadari wawili, orodha ya divisheni, na chini yake makato. Kuvuka mto kumepunguza nguvu ya shambulio. Mlima umeipunguza tena. Adui amechimba mahandaki. Halafu linakuja lile ambalo hakulitegemea: divisheni zake tatu hazipigani kabisa. Zimesimama nyuma zikisubiri nafasi.

Ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na upana wa pambano. Kila batalioni ya askari wa miguu inachukua upana wa 2, kila aina ya ardhi ina upana wake, na ukijaa, anayefuata hukaa akiba. Milimani nafasi ni finyu kuliko uwandani. Kuongeza askari mahali pamoja hakusaidii kitu, bali kushambulia kutoka upande wa pili kunafungua nafasi nyingine. Mwanagenzi anapeleka divisheni zilizokuwa zimekaa bure zikazunguke kupitia bonde la jirani. Kuna jingine tena analolisoma kwenye ukurasa uleule. Jeshi lililopewa mpango na kuachwa lijipange kwa siku kadhaa kabla ya kushambulia hupata nyongeza ya nguvu. Yeye aliamuru shambulio saa ileile alipochora mshale.

Anasubiri, anashambulia upya, namba inageuka kijani. Hapo pia anaona jambo ambalo filamu za vita humficha. Divisheni za adui zinaondoka mlimani zikiwa bado na watu wengi na bunduki nyingi. Kilichoisha ni mshikamano wao, ule uwezo wa kikosi kuendelea kutenda kama kikosi, ambao gemu huupima kando na idadi ya watu. Jeshi huvunjika kabla ya kuisha. Makamanda wamelijua hilo karne nyingi, na mwanagenzi amelijua kwa mstari mmoja mwembamba uliopungua mbele ya macho yake.

Somo la pili ni polepole zaidi, nalo liko viwandani. Gemu inagawa viwanda makundi mawili makuu: vya kiraia, vinavyojenga viwanda vingine, reli na ngome, na vya kijeshi, vinavyotoa bunduki, mizinga na vifaru. Mwanagenzi mwenye pupa hujenga vya kijeshi tangu siku ya kwanza, halafu mwaka 1940 anajikuta na nchi iliyodumaa. Mwenye subira kupita kiasi hujenga vya kiraia hadi adui anabisha hodi na ghala halina bunduki. Baina ya hao wawili kuna mwezi fulani wa kugeuza mkondo, na mwezi huo hutofautiana kwa kila nchi. Kuutafuta ni starehe ya kipekee kwa wanaopenda hesabu.

Kiwanda kilichoanza kutengeneza silaha mpya huanza na ufanisi mdogo, unaopanda siku hadi siku mafundi wakizoea. Ukibadilisha aina ya silaha, sehemu ya ufanisi huo inapotea. Mwanagenzi anayebadilisha kila mwezi kwa sababu ameona bunduki bora zaidi huishia na bunduki chache. Vita halisi vilikuwa na kisa chake. Kiwanda cha Ford cha Willow Run, Michigan, kilianza kujengwa mwaka 1941 ili kitoe ndege za mabomu aina ya B-24, na miezi ya mwanzo kilisuasua hadi kikawa gumzo la dhihaka. Kufikia mwaka 1944 kilikuwa kikitoa karibu ndege moja kila saa. Anayeujua mkunjo huo wa ufanisi ndani ya gemu huisoma habari ya Willow Run kwa jicho jingine. Anajua kwa nini ilichukua miaka.

Halafu kuna ugavi.

Kwa miaka mitano ya kwanza gemu ililitazama suala hili kwa wepesi. Novemba 2021, katika nyongeza iitwayo No Step Back na maboresho yaliyotoka nayo, Paradox waliliunda upya: vituo vya ugavi vilivyounganishwa kwa reli, garimoshi zinazotengenezwa viwandani kama silaha nyingine, na kutoka kituoni hadi mstari wa mbele, farasi au malori. Wachezaji wa siku nyingi walirudi kuwa wanagenzi kwa usiku mmoja. Vifaru vilivyokuwa vikifika Moscow bila shida vilikwama njiani, mshikamano ukishuka, mafuta yamekauka, huku adui akiwa hajafyatua risasi.

Hapo gemu iliukaribia ukweli kuliko ilivyowahi. Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, jeshi lake lenye sifa ya vifaru lilikwenda na farasi wapatao 600,000. Reli za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Ujerumani 1,435. Garimoshi za Kijerumani zisingeweza kupita mpaka reli zisogezwe, kilomita baada ya kilomita, nyuma ya jeshi linalokimbia mbele. Mwanagenzi aliyekwama mbele ya Smolensk hufungua ramani ya ugavi, ambapo rangi inafifia kadiri unavyosonga mashariki, na kwa mara ya kwanza macho yake yanaacha mishale ya mstari wa mbele na kutazama nyuma yake. Anaanza kuuliza maswali mengine kabisa. Reli hii ni ya daraja gani? Kituo cha karibu kiko mji gani? Nina malori mangapi? Mtu akifika hapo, ni nadra kuifuta tena gemu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wake wa karibu. Mapema mwaka 1941 Jenerali Alan Cunningham aliondoka Kenya na divisheni mbili za Kiafrika na moja ya Afrika Kusini kwenda kuwatoa Waitalia Somalia na Ethiopia. Humo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili, pamoja na vikosi vya Nigeria na Gold Coast. Mogadishu iliangukia mikononi mwao tarehe 25 Februari, na humo walikuta mafuta mengi ambayo Waitalia hawakuwahi kuyateketeza. Tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa. Walikuwa wamekwenda zaidi ya kilomita 2,700 kwa muda wa wiki nane hivi. Anayejaribu safari hiyo kwenye gemu, akitoka mpakani mwa Kenya kuelekea kaskazini ambako reli ni chache na vituo vya ugavi viko mbalimbali, huanza kuyaheshimu yale mafuta ya Mogadishu.

Ila kuna mzigo ambao hesabu hii haiuoni. Ugavi ndani ya gemu hubebwa na garimoshi, lori na farasi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani mwa wapagazi, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Dar es Salaam na Nairobi zote zina mitaa iliyokua mahali walipokusanywa au kukaa watu hao, na kila siku watu hufanya biashara humo. Vita hivyo haviko katika kipindi ambacho Hearts of Iron IV inakihusu, na si haki kuidai gemu ya mwaka 1936 ihesabu vifo vya mwaka 1917. Hata hivyo, mchezaji aliyekulia karibu na Kariakoo, mmoja wa mitaa hiyo, hawezi kulitazama neno ugavi likiwa tarakimu tupu.

Kero hii ina sura nyingine iliyo wazi zaidi. Gemu ilipotoka, somo lake la mafunzo, lile linalomshika mkono anayeanza, lilimkabidhi Italia. Vita vilikuwa vimeshaanza, na adui alikuwa Ethiopia. Mwanagenzi alifundishwa kukusanya divisheni chini ya jemadari, kuchora mstari wa mbele mpakani, kuvuta mshale kuelekea Addis Ababa, kisha kubonyeza ili mpango uanze. Kwa mwalimu, chaguo hili lina mantiki. Upande mmoja una nguvu kupita mwingine, uwanja ni mdogo, na mwanafunzi atashinda hata akikosea. Kwa mchezaji wa Mombasa au Dodoma, ni kujifunza kuandika kwa kunakili hati ya mkoloni.

Vita halisi vilianza tarehe 3 Oktoba 1935, Jenerali Emilio De Bono alipovuka kutoka Eritrea. Alikwenda polepole mno kwa Mussolini, akaondolewa, na Pietro Badoglio akashika nafasi yake. Ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na raia, ingawa Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliopiga marufuku matumizi ya silaha za aina hiyo. Jeshi la Mfalme Haile Selassie lilivunjwa Maychew mwishoni mwa Machi 1936. Tarehe 2 Mei mfalme aliondoka kwa garimoshi kuelekea Djibouti, tarehe 5 Badoglio akaingia mji mkuu, na tarehe 30 Juni mfalme akasimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva. Mwanagenzi aliyevuta mshale wake na kuona rangi ya Italia ikienea hadi Addis Ababa hajaonyeshwa gesi hata tone. Hajaonyeshwa pia kambi za mauaji za Ulaya. Paradox waliamua tangu mwanzo kwamba mauaji ya kimbari hayatakuwa sehemu ya mchezo, uamuzi unaoeleweka, kwani hakuna anayetaka kuona jambo hilo likigeuzwa kitufe. Matokeo yake ni vita vilivyosafishwa, ambapo kufa kwa mtu ni upungufu katika safu ya watu wanaoweza kuandikishwa.

Wapo wanaoona kwamba kwa sababu hiyo mtu mwenye dhamiri hapaswi kuifurahia gemu ya namna hii. Hoja ina uzito wake, lakini inapuuza jinsi wanagenzi wanavyotenda. Aliyeipitia Maychew kwenye ramani mara nyingi ndiye anayefungua kitabu kuuliza Maychew ni wapi. Mwaka 2022, katika nyongeza ya By Blood Alone, Ethiopia ilipewa njia zake za kisiasa, zikiwamo za mfalme kuendeleza mapambano akiwa uhamishoni. Wachezaji wengi waliichukua, kwa kuwa ni ngumu. Mchezaji wa Ethiopia huanza na bunduki chache, viwanda vya kuhesabika kwa vidole, na adui mwenye ndege. Alichonacho ni milima, na milima inabana upana wa pambano. Kila alichojifunza kwenye lile duara jekundu sasa kinamfaa yeye: ashike njia nyembamba, achimbe mahandaki, asimpe Mwitalia nafasi ya kushambulia kutoka pande mbili, na asipoteze askari kwa mashambulio ya ushujaa. Pengine Addis Ababa itaanguka hata hivyo. Ila sasa anajua ilianguka baada ya muda gani, na kwa mlango upi.

Haya hayafundishwi na kurasa za mafunzo peke yake. Kwenye baraza za Zanzibar, anayetaka kulijua bao husimama nyuma ya wanaocheza. Mashimo ni 32, kete ni 64, na hakuna anayekatisha mchezo ili amweleze mgeni kwa nini shimo liitwalo nyumba limeachwa bila kuguswa. Anatazama, anasikia watazamaji wakizomea hoja mbovu kabla haijakamilika, anajifunza kunamua kwa kuona wengine wakinamua, na siku moja anakalishwa mkekani na kupigwa vibaya. Hearts of Iron IV ina baraza yake pia. Ni video ndefu ambazo wazoefu hurekodi wakicheza huku wakieleza, na michezo ya pamoja ambapo kila nchi ina mtu wake. Mwanagenzi hutazama mchezaji wa Ufaransa akiinusuru Paris, asielewe nusu ya maneno, kisha baada ya majuma anarudia video ileile na kugundua kwamba mchezaji huyo alikosea. Ni hatua kubwa. Ushauri anaopewa huko ni wa kawaida, na anayeufuata husonga mbele: chagua nchi moja ukae nayo, jifunze mfumo mmoja kwa wakati, mengine yaachie kompyuta iyasimamie, na ukishindwa usifunge gemu kabla hujajua sababu.

Mfumo ambao karibu wote huuweka mwisho ni wa majini. Ni utani wa kudumu miongoni mwa wachezaji kwamba mtu anaweza kuiteka dunia bila kuelewa manowari zake zinafanya nini. Bahari imegawanywa maeneo, kila kundi la manowari hupewa kazi, kuna rada, torpedo, mafuta, hali ya hewa na uwezekano wa kuonekana. Mwanagenzi huunganisha manowari zote kundi moja, huzielekeza baharini, na kuomba Mungu. Kisha siku moja viwanda vyake vinazorota kwa kukosa mpira na alumini, naye anagundua kwamba nyambizi za adui zimekuwa zikizamisha meli zake za mizigo kwa miezi mingi bila yeye kujua.

Uingereza ilikuwa katika hali hiyohiyo mwanzoni mwa mwaka 1942, na jibu lake lilikuwa mchezo. Mjini Liverpool, katika jengo la Derby House, Kapteni Gilbert Roberts, aliyekuwa ameachishwa jeshi kwa kifua kikuu kisha akaitwa tena, alipewa chumba na kikosi kidogo. Wengi wa wasaidizi wake walikuwa wanawake vijana kutoka kitengo cha wanawake cha jeshi la majini, ambao walikuwa hawajawahi kupigana baharini. Sakafu ilichorwa miraba. Njia za meli zilichorwa kwa chaki, za nyambizi kwa chaki ya kijani, ambayo afisa anayechungulia kupitia tundu la pazia la turubai hakuweza kuiona, ili ajue tu kile ambacho angekijua akiwa baharini. Kwa kurudia mapambano halisi juu ya sakafu hiyo, walitambua kwamba nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikijipenyeza katikati ya msafara wa meli, zikipiga torpedo kwa karibu, kisha zikizama na kuuacha msafara upite juu yao. Manowari za ulinzi zilikuwa zikizitafuta mahali ambapo hazipo. Wakabuni mbinu mpya na kuifundisha. Mpaka vita vilipokwisha, maafisa wapatao 5,000 walikuwa wamepita pale.

Admirali Max Horton, aliyechukua uongozi wa ulinzi wa misafara hiyo Novemba 1942, alikuwa nahodha wa nyambizi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alicheza upande wa nyambizi ili aipime mbinu hiyo, akashindwa. Akarudia, akashindwa tena, mara tano kwa jumla, hata akashuku kwamba kuna hila. Aliyekuwa akimshinda, upande wa pili wa pazia, alikuwa msichana wa kitengo hicho aitwaye Janet Okell.

Mwanagenzi anayekutana na habari hiyo hurudi kwenye ramani na kuufungua ukurasa wa majini alioukwepa tangu mwanzo. Anasimamisha saa. Anatenga manowari nyepesi chache kutoka kwenye lile kundi kubwa, anazipa kazi ya kusindikiza misafara kati ya Gibraltar na Uingereza, anaziwekea kituo cha mafuta, na kuruhusu muda uende. Mwezi wa kwanza misafara mitatu inazama. Anafungua taarifa ya mapambano kuangalia ni katika eneo gani la bahari, na manowari zake zilikuwa wapi saa hiyo.